Kuishusha antena ya kusimama ya mita 40 mpaka bendi ya 80, na 160 ukitaka kujaribu

Wakuu wa redio za ridhaa (ham), kama una antena ya kusimama ya bendi ya mita 40, yani ule mlingoti wa mita kumi na vinyaya vinne chini, na unataka uongee 80 bila kununua mlingoti mwingine, inawezekana kabisa na gharama yake ni waya tu. Ila njia ziko mbili, na wengi tunakimbilia ile mbaya kwa sababu ndo inayoonekana rahisi. Mi nilianza na hiyo mbaya, nikakaa nayo miezi minne najiona fundi, ndo maana nazijua zote mbili na ntakwambia zote mbili, maana kuna watu uani kwao hapatoshi na hiyo mbaya ndo itakayowafaa.

Kabla ya waya, leseni. Inatolewa na mamlaka ya mawasiliano, Tanzania ni TCRA, Kenya ni CA, na angalia karatasi yako inakuruhusu bendi gani na wati ngapi, usije ukajenga kitu kizuri ukashindwa kukitumia. Afrika yote iko Kanda ya 1 ya ITU, shirika la mawasiliano la dunia, kwa hiyo 80 yetu ni megahezi 3.5 mpaka 3.8, hizo habari za 3.9 unazosoma ni za Wamarekani, usitune huko.

Hesabu ni moja tu: chukua 71.3 gawanya kwa megahezi, unapata urefu wa robo wimbi kwa mita, ambao ndo antena ya kusimama inautaka. Kwa 7.1, yani bendi ya 40, ni mita 10. Kwa 3.6, yani bendi ya 80, ni mita 19.8. Kwa 1.85, ambayo ndo bendi ya 160, ni mita 38 na nusu, na mita 38 kwenda juu ni mnara wa simu huo, sio antena ya nyumbani. Kwa hiyo mlingoti wako wa mita 10 ukiupeleka 80 ni nusu tu ya urefu unaotakiwa, na hapo vitu viwili vinatokea kwa mpigo.

Cha kwanza, antena inajifanya kapasita. Bomba la alumini lenye unene wa sentimita 4 hivi, urefu mita 10, kwenye 3.6 litakuonyesha kama omu 377 za kapasita. Waya mwembamba ni mbaya zaidi, unakaribia 570. Hilo halinisumbui, koili inalifuta. Cha pili ndo chenye maumivu: antena ya robo wimbi kamili ina ukinzani wa kurusha mawimbi wa omu 36 hivi, sasa hii fupi inashuka mpaka kama omu 6. Na hizo omu 6 zinagawana umeme wa redio yako na kila kinachokula njiani, yani koili na udongo. Udongo haurushi kitu hewani, unapata joto tu, unawapashia mchwa moto kwa wati zako. Shika hizo omu 6, tutarudi kwao mpaka mwisho.

Njia ya kwanza: koili chini

Hii ndo ile ya haraka. Unakata kiungo kati ya koaksi, yani kebo inayotoka redioni, na mlingoti, unaweka koili katikati, basi. Kufuta omu 377 kwenye 3.6 unahitaji maikrohenri 17 hivi. Nenda duka la vifaa vya ujenzi chukua kipande cha bomba la PVC la maji taka, lile la milimita 110, sentimita 25 zinatosha. Chukua waya wa nyumba wa 2.5, ule wa single wenye plastiki yake, zungusha mizunguko 11 ikiwa imebanana, hapo uko kwenye 17. Ukitaka koili bora zaidi acha nafasi ya waya mmoja kati ya mzunguko na mzunguko, itakula mizunguko 14 au 15 lakini haipotezi sana. Njia rahisi ya kuacha nafasi ni kuzungusha waya na kamba ya nailoni ya unene uleule pamoja, ukimaliza unaifungua kamba unabaki na waya. Weka miwili mitatu ya ziada maana kupunguza ni kuchubua tu plastiki kidogo na kubana kwa klipu ya mamba, kuongeza ni kuanza upya na matusi juu.

Kama mlingoti wako ni waya uliofungwa kwenye mwanzi na sio bomba, hesabu inapanda, andaa maikrohenri 25.

Mi nilifunga yangu Jumamosi jioni. Chini nilikuwa na nyaya nne, zile zile nilizokuwa natumia kwenye 40, kila moja mita 10, zimelala juu ya mchanga mkavu. Nikaleta NanoVNA, kile kipimo kidogo cha antena, nikasogeza klipu mzunguko mmoja, nusu mzunguko, mpaka shimo, yani pale SWR inaposhuka chini kabisa, likakaa 3.6, na SWR, kipimo cha nguvu inayokataliwa na antena (1 ndo bora), ikasoma 1.1. Moja nukta moja! Bila tyuna, kile kisanduku cha kulinganisha antena na redio! Nikampigia simu rafiki yangu wa Dar nikamwambia njoo uone, hii kitu inaimba.

Kumbe naimba mwenyewe bafuni. Usiku nikiita Ulaya nawasikia vizuri tu, wao hawanisikii. Miezi minne nikasingizia jua, nikasingizia masika, nikasingizia redio. Siku moja nimekaa naangalia kile kipimo upya, kinasoma omu 46 jumla, ndo likanijia kichwani: antena hii inatakiwa iwe na omu 6, koili yangu inakula kama 2, sasa hizo nyingine 38 zinatoka wapi? Zinatoka ardhini. Redio na koaksi zinataka omu 50, na 46 iko karibu, ndo maana SWR ilikuwa nzuri hivyo! Piga hesabu mwenyewe, 6 gawanya kwa 46 ni asilimia 13. Kwenye kila wati 100 nilizokuwa natuma, 13 zilikuwa zinapanda angani na zaidi ya 80 zinapika udongo wa Tanga.

Kwa hiyo ukishajenga antena fupi, usiogope SWR mbaya, ogopa ile nzuri iliyokuja yenyewe bila kazi. Dami lodi, lile zigo la majaribio linalogeuza nguvu yote kuwa joto, nayo ina SWR nzuri na haijawahi kumfikisha mtu popote.

Nyaya za chini, hapa ndo pesa ilipo

Antena ya kusimama ni nusu tu ya antena, nusu nyingine ni hizo nyaya za chini, radiali zenyewe. Umeme unaotoka juu lazima urudi kwenye ganda la koaksi, na ukikosa shaba ya kupitia unapitia udongo. Watu wengi wanapigilia nondo moja ya shaba chini wanasema wameweka ethi. Ile nondo ni ya radi na usalama, kwa mawimbi ya redio ni kama haipo.

Mwaka 1937 wahandisi watatu wa RCA kule Marekani, Brown, Lewis na Epstein, walitoa vipimo vya hii kitu kwa idadi tofauti za nyaya zilizofukiwa, mpaka 113, na ndo asili ya zile nyaya 120 unazosikia kwenye vituo vya redio vya AM. We huhitaji 120. Faida kubwa iko mwanzoni, kutoka 4 kwenda 16 utaona tofauti kwa macho, kutoka 16 kwenda 32 utaiona ukivaa miwani, baada ya hapo unafanya kwa mapenzi. Na urefu sio lazima ufike robo wimbi kama nyaya zimelala chini, udongo unaziharibu hesabu hata hivyo. Kama una mita 160 za waya, ni bora nyaya 16 za mita 10 kuliko 8 za mita 20, hasa kwa mlingoti mfupi, maana umeme mwingi wa ardhini uko karibu na mguu wa antena.

Waya unatoka wapi, hilo ndo swali la Mtanzania. Usinunue. Tafuta kebo ya intaneti ya zamani, ile ya ofisini yenye nyaya nane ndani. Ofisi zikibadilisha mtandao zinatupa mafungu. Mita 20 za kebo hiyo, ikate katikati, chana ganda, una nyaya 16 za mita 10 mkononi. Ni nyembamba, ndio, zinakatika ukizikanyaga sana, ndio, lakini umeme ukigawana njia 16 kila moja inabeba kidogo tu. Na zina ganda la plastiki kwa hiyo chumvi ya bahari inachelewa kuzila.

Kuzikusanya katikati mi nilitumia sahani ya stenlesi, sahani kabisa ya kulia ugali. Toboa tundu kubwa katikati pa kupitisha mguu wa antena, alafu zungushia matundu ya boliti pembeni, kila boliti inabeba nyaya mbili tatu zenye lagi. Boliti nazo ziwe stenlesi, pwani boliti ya kawaida inakuwa unga kabla hujarudisha funguo. Paka grisi juu. Mke wangu mpaka leo anadai sahani yake.

Kuzilaza: toa nyaya pande zote kama miale, kata vipande vya waya wa kufungia nondo, kunja kama pini ya nywele, kandamiza waya chini kila baada ya mita moja. Hizo pini zitaliwa na kutu baada ya miezi kadhaa na haina shida, majani yatakuwa yameshazimeza nyaya. Kama uani kuna kuku, fukia sentimita tatu, maana kuku akikuta waya anachakura mpaka aone mwisho wake. Na fukia pia kama mtaa wenu una vijana wa vyuma chakavu, shaba inapendwa.

Kama uko juu ya mwamba wa matumbawe na jembe haliingii, usiteseke. Nyanyua nyaya mbili au nne juu ya vijiti mita mbili na nusu toka chini, na mguu wa antena nao upande hapo. Hapo sasa urefu una maana, kila moja iwe mita 19 na kitu kwa 80, na ncha zake ziwe mbali na mikono ya watoto kwa sababu ncha ya waya wakati unatuma ina volti za kuunguza ngozi. Isigeuke kamba ya kuanikia nguo, nimeona. Na kama una bahati uko ufukweni kabisa, maji chumvi yanakuja mpaka mguuni, basi mshukuru Mungu, bahari ndo ardhi bora kuliko zote, tumbukiza nyaya chache majini uendelee na maisha.

Sasa sikiliza kilichotokea nilipotoka nyaya 4 kwenda 16. Nikapima: omu 25. SWR ikapanda kutoka 1.1 mpaka 2. Ningekuwa simjui mchawi ningesema nimeharibu, ningezing'oa zote nirudi kwenye nne zangu tamu. Lakini 6 gawanya kwa 25 ni asilimia 24, karibu mara mbili ya mwanzo. Hiyo SWR ya 2 inarekebishwa na kikoili kidogo: mizunguko 6 ya waya uleule juu ya bomba la PVC la milimita 50, ni kama maikrohenri 2.2, unaiunganisha toka sehemu ya kulishia, pale koaksi inapoingia, kwenda kwenye sahani, alafu unapunguza ile koili kubwa kama maikrohenri moja, inakuwa sio hata mzunguko mzima. SWR inarudi karibu na 1, na safari hii ni ya haki. Faida nyingine, kikoili hicho kinashusha chini umeme tuli unaojikusanya kwenye mlingoti wakati wa upepo na mawingu ya mvua.

Kama uwanja wako unaishia hapo, ishia hapo. Antena ya koili chini na nyaya 16 inafanya kazi. Bendi yake ni nyembamba, ukihama kutoka FT8, ule ujumbe mfupi wa kidijitali wa kompyuta, ya 3.573 kwenda sauti ya 3.7 itabidi uguse klipu, lakini inaongea.

Njia ya pili: usirefushe chini, refusha juu

Tatizo la koili chini ni kwamba umeme mwingi unabaki kwenye koili na mguuni, ukipanda juu unakonda mpaka ncha inakuwa haina kitu. Ukiongeza waya juu badala ya koili chini, umeme unabaki mnene kwenye mlingoti wote, na mlingoti ndo unaorusha. Urefu wa mlingoti ni uleule mita 10 lakini omu zinazorusha zinatoka 6 zinakwenda kama 18. Mara tatu. Na koili imeondoka, kwa hiyo zile omu 2 zake nazo zimeondoka.

Umbo lake ni L iliyopinduliwa: mita 10 kwenda juu, mita 10 kwenda pembeni, jumla robo wimbi kamili ya 80. Cha kufanya ili 40 isife, usifunge waya kwenye ncha ya mlingoti wako. Uache mlingoti kama ulivyo, alafu pandisha waya mwingine pembeni yake, umbali wa sentimita 60 mpaka mita moja, umeshikwa na vijiti vya bomba la PVC la nusu inchi sehemu tatu, ukifika juu unakata kona unaelekea kwenye mti. Chini waya huu na mlingoti vinakutana sehemu moja ya kulishia, koaksi moja. Hamna swichi. Uzuri wake uko hapa: kwenye 7.1 ule waya wa mita 20 ni nusu wimbi, na nusu wimbi ukiilisha kwenye ncha inakataa umeme, kwa hiyo umeme wote unakimbilia mlingoti. Kwenye 3.6 mlingoti ndo unaokataa, umeme unakwenda kwenye waya. Zenyewe zinajipanga kama abiria wanaojua daladala yao.

Kuna wanaopenda trapu, yani koili na kapasita sambamba pale ncha ya mita 10, za kuizuia 40 isipite kwenda kwenye waya wa juu. Maikrohenri 5 na pikofaradi 100 zinakaa 7.12 vizuri kabisa. Lakini hiyo trapu iko juu mita kumi, mvua yake, jua lake, na ikilowa maji ndani unashusha mlingoti wote. Mi nimeona nyaya mbili ni rahisi kuliko kupanda.

Mti wangu mimi ni mnazi, na mnazi ni wa jirani. Nikaenda kwa adabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuona unazungukazunguka chini ya mnazi wangu toka asubuhi."

"Naomba kufunga kamba juu mzee, ya antena."

"Antena ya nini, si una ving'amuzi viwili pale juu ya bati?"

"Ya kuongea na watu wa mbali."

Mzee akanitazama, akatazama simu iliyoko mkononi mwangu, akatazama mnazi. Mwisho akakubali kwa sharti moja, kamba ishuke siku mkwezi akija kuangua nazi. Na mkwezi huyohuyo ndo aliyenipandishia, kwa bei ya soda.

Usifunge kamba moja kwa moja mtini. Mnazi ukiyumba na upepo wa kusi unavuta waya mpaka ukatike au mlingoti uje chini. Pitisha kamba kwenye kapi dogo au hata kwenye pete ya chuma, ishushe mpaka chini, mwisho wake ning'iniza dumu la lita tano lenye mchanga kiasi. Mti ukiyumba dumu linapanda na kushuka, waya wako haujui kama kuna upepo. Kati ya waya na kamba weka kizuizi, kipande cha PVC chenye matundu mawili kinatosha. Na mlingoti uufunge kamba ya nyuma, upande wa pili wa mti, la sivyo waya utaupinda kama upinde. Hili nililisahau siku ya kwanza na bomba langu la juu lina kibyongo mpaka leo.

Kutuni: kata waya mita 20 na nusu, ndefu kuliko hesabu. Pima. Shimo litakuwa chini, labda 3.4 na kitu, hasa ukitumia waya wenye plastiki. Kila sentimita 10 unayopunguza inapandisha kama kilohezi 18, kwa hiyo ukiwa umesoma 3.45 na unataka 3.6 ni sentimita 80 na kidogo. Usikate, kunja ncha irudi nyuma uizungushie yenyewe, ukikosea unaikunjua. Ukimaliza 80 rudi ukapime 40, itakuwa imehama kidogo kwa sababu nyaya zinaongea zenyewe kwa zenyewe, rekebisha urefu wa mlingoti, alafu pima 80 tena. Zunguko mbili tatu zinatosha. Ikigoma kabisa ongeza umbali kati ya waya na mlingoti.

Yangu ilisoma omu 35, SWR 1.4, na nikaiacha hivyohivyo, sijaweka kitu. 18 gawanya kwa 35 ni asilimia 51. Yani wati 100 zilezile, mlingoti uleule, uwanja uleule: 13, ikawa 24, ikawa 51. Kutoka mwanzo mpaka mwisho ni desibeli 6, ambayo ni S moja nzima, yani hatua moja kwenye kipimo cha nguvu ya mawimbi, kwa anayekusikiliza. Wengine wanatoa mamilioni kununua amplifaya kwa hiyo S moja, mi nimetoa sahani na soda ya mkwezi.

Na 160 je

Inawezekana, ila usiniletee lawama. Kwenye ule waya wa L, pale chini kabla haujafika sehemu ya kulishia, weka koili ya maikrohenri 44 hivi: bomba lilelile la 110, mizunguko 22 ya waya wa 2.5 iliyobanana, zungusha 24 uwe na akiba. Ukitaka 80 unaiziba koili yote kwa kipande cha waya chenye klipu mbili za mamba, ukitaka 160 unaitoa. Omu zinazorusha hapo ni kama 3 na nusu, kwa hiyo utakuwa na asilimia 15 ukibahatika na bendi nyembamba kama wembe. Lakini FT8 kwenye 1.840 haihitaji nguvu nyingi, na 160 kwa 5H, yani Tanzania, ni kitu adimu, watu watakutafuta wao. Kumbuka tu koili hiyo wakati unatuma ina volti nyingi, iweke ndani ya ndoo ya plastiki iliyogeuzwa na ndoo iwekwe jiwe juu.

Mambo madogo ambayo yatakusumbua kama hukuyafanya

Choki, yani kizuizi cha mawimbi kwenye koaksi. Koaksi ikitoka kwenye antena inaweza kujigeuza kuwa radiali ya kumi na saba, ikaleta mawimbi mpaka mezani, maiki inakuuma mdomo na kompyuta inajizima. Zungusha koaksi mizunguko 10 hadi 12 kwenye pete kubwa ya feraiti ya aina ya 31, karibu na mguu wa antena. Utajua imekaa sawa ukishika koaksi huku unapima na SWR haitikisiki.

Viungo vyote vya nje, lehemu kwanza, tepu ya umeme, alafu juu yake zungusha mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa kama utepe, uvute sana. Unashinda tepu nyingi za dukani. Mdomo wa koaksi uangalie chini usinywe maji.

Nyaya za umeme wa mtaa: pima urefu wa mlingoti, pima urefu wa waya, hakikisha vikianguka upande wowote havigusi laini. Sio karibu haigusi, haigusi kabisa. Na wakati wa masika na vuli, ukisikia kelele za rasharasha kwenye 80 zinaongezeka jioni, hiyo ni radi inakuja, chomoa koaksi uitupe nje ya dirisha. Usisubiri uione.

Alafu ujue antena hii inarusha chini chini kuelekea mbali, juu kichwani haina kitu cha maana, ingawa ule upande uliolala unarusha kidogo. Ukitaka kuongea kutoka Tanga na mtu wa Dar, kilomita 190 hivi, daipoli, yani waya uliolala unaolishwa katikati, ya mita 5 juu ya ardhi itakushinda kirahisi. Na kwenye kupokea inazoa kelele zote za mtaa, taa za LED za bei rahisi, chaja, inveta za sola. Zima swichi kuu ya nyumba, endesha redio kwa betri, usikilize tofauti, utajua adui ni wewe au jirani.

Kupima kama umefaulu usitegemee kuulizana "unanipataje", watu wana adabu watakwambia tano tisa, yani vizuri kabisa. Tuma FT8 kwenye 3.573 saa zilezile kila usiku, wiki kabla ya kubadilisha na wiki baada, uangalie kwenye tovuti ya PSK Reporter nani amekusikia na kwa desibeli ngapi. Usiku mmoja hautoshi, anga inabadilika kuliko antena. Mi naanza saa moja usiku jua likishazama, Ghuba na Oman wanafunguka kwanza, Ulaya inafuata giza likishawafikia, na alfajiri kabla hapajapambazuka huwa kuna dakika ishirini tamu sana.

Wiki iliyopita mkwezi alikuja, nikashusha kamba kama tulivyoahidiana, mzee akaangua nazi zake. Nilipopandisha tena shimo limehamia 3.62, sijui dumu limekaa vibaya au nimesahau kukunja ncha kama mwanzo. Kesho napima.